Kuchora mpaka wa tabianchi ya nusutropiki kwenye mteremko wa Moshi, hatua kwa hatua

Panda Hiace pale stendi ya Moshi asubuhi ya mwezi wa saba, umevaa fulana tu, uelekee Kibosho. Mjini utakuwa sawa. Ukishapanda kidogo utaanza kukunja mikono kifuani, na mama aliyekaa mbele yako atakuwa ameshajitanda kitenge cha pili. Mahali fulani hapo katikati umevuka mpaka ambao ramani za dunia zinautumia kutenganisha tropiki na isiyo tropiki. Hakuna bango wala daraja la kukuonyesha. Mwongozo huu ni wa kuuweka mpaka huo kwenye ramani, na kujua uuamini kiasi gani.

Nawaandikia wanafunzi wa jiografia, maafisa ugani, na yeyote aliyeambiwa "weka na ramani ya kanda za hali ya hewa" kwenye andiko la mradi huku amebakiwa na siku tatu. Utahitaji kompyuta ya kawaida, programu ya kuchora ramani iitwayo QGIS ambayo ni ya bure, bando la kutosha, vipimajoto viwili vinavyofanana, na viatu vya kutembelea matopeni.

Tunatafuta nini hasa

Mpangilio tunaotumia ni wa Wladimir Köppen, aliyezaliwa Saint Petersburg mwaka 1846. Alisomea mimea kabla hajawa mtu wa hali ya hewa, na ndiyo maana namba zake zilikusudiwa kufuata uoto. Ramani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884, akaendelea kuirekebisha hadi miaka ya 1930, kisha Rudolf Geiger akaipokea. Ndiyo maana leo utaona majina yote mawili pamoja.

Nusutropiki yenye unyevu kwenye mpangilio huo huandikwa Cfa. Ndugu yake wa karibu ni Cwa, ambayo nusu yake ya mwaka yenye ubaridi ni kavu. Makao ya kawaida ya Cfa ni upande wa mashariki wa mabara, latitudo ya 25 hadi 35 hivi: kusini-mashariki mwa Marekani, mashariki ya China, kusini mwa Japani, Uruguay, na kwa Afrika pwani ya Durban, ambako mkondo wa Agulhas unaleta maji ya moto na unyevu. Cwa utaikuta Hong Kong, na karibu yetu zaidi, Lusaka.

Sasa sisi tuko latitudo ya 3 kusini. Kinachotupa herufi hizo ni mwinuko. Hatuna majira ya baridi kama ya Durban, achilia mbali theluji ya Atlanta, na wapo wanajiografia wasiopenda kabisa kuona neno nusutropiki karibu na ikweta. Mimi nakubaliana nao nusu: natumia herufi, lakini kwenye ufunguo wa ramani naandika "ukanda wa joto la wastani, nyanda za kati". Mkulima wa Uru akisoma "nusutropiki" hapati chochote cha kumfaa.

Masharti mawili ya joto ndiyo yanayobeba kazi yote. Mwezi wenye baridi kuliko yote uwe na wastani chini ya nyuzi 18, na mwezi wenye joto kuliko yote uwe na wastani wa nyuzi 22 au zaidi. Yatazame kwa pamoja. Kama baridi iko chini ya 18 na joto limefika 22, basi tofauti kati ya miezi hiyo miwili lazima izidi nyuzi 4. Atlanta ina tofauti ya karibu nyuzi 20, kwa hiyo ukanda wake unaenea mamia ya kilomita. Huku kwetu tofauti ni ndogo, inacheza kwenye nyuzi 5 hivi, na ukanda unabanwa ukawa utepe unaozunguka mlima. Ukielewa hesabu hii ya nyuzi 4, umeshaelewa kwa nini watu wawili wenye akili timamu wanaweza kuchora ramani mbili tofauti za Kilimanjaro.

Hatua ya 1: Andika vizingiti vyako kabla hujagusa kompyuta

Chukua karatasi, kweli karatasi, uandike utakachotumia. Ukiacha hadi baadaye utashawishika kubadilisha namba ili ramani ipendeze.

Anza na ukame, maana kundi B, la sehemu kame, hupimwa kabla ya mengine yote. Chukua wastani wa joto wa mwaka, zidisha kwa 20. Kama asilimia 70 au zaidi ya mvua inanyesha kwenye nusu ya mwaka yenye joto, ongeza 280. Kama asilimia 70 inanyesha kwenye nusu yenye ubaridi, usiongeze kitu. Kama haielemei popote, ongeza 140. Jibu ni milimita. Mvua ya mwaka ikiwa chini ya hapo, mahali hapo ni pakame. Ikiwa chini ya nusu yake, ni jangwa.

Pakishapita mtihani huo, angalia mwezi wa baridi. Nyuzi 18 na kuendelea ni A, tropiki. Chini ya hapo ni C. Kuna ubishi maarufu kama ukomo wa chini wa C uwe nyuzi 0 au kasoro 3. Huku kwetu haukuhusu hata kidogo, uruke. Ubishi unaotuhusu ni wa herufi ya pili. Herufi s inatolewa pale mwezi mkavu wa nusu ya joto unapopata chini ya milimita 40 na pia chini ya theluthi ya mwezi wenye mvua nyingi wa nusu ya ubaridi. Wengine hutumia 30 badala ya 40. Andika umechagua ipi. Herufi w ni pale mwezi mkavu wa nusu ya ubaridi unapopata chini ya sehemu moja ya kumi ya mwezi wenye mvua nyingi wa nusu ya joto. Pasipo na s wala w, ni f. Ikitokea mahali pametimiza zote mbili, tazama nusu ipi ya mwaka ina mvua zaidi: yenye ubaridi ikizidi weka s, vinginevyo w.

Hatua ya 2: Geuza nusu za mwaka

Hapa ndipo nilipoumbuka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kanuni nyingi utakazokuta zimeandikwa na watu wa kizio cha kaskazini. Kwao nusu ya joto ni Aprili hadi Septemba. Kwetu ni Oktoba hadi Machi. Miaka kadhaa iliyopita nilichora ramani kwa ajili ya kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa, nikachukua kanuni kama ilivyo, nikaiendesha, nikaichapa kwenye karatasi ya A3 yenye kung'aa. Mteremko wote wa Kibosho hadi Marangu ukatoka Csa, yaani tabianchi ya Mediterania, ya zabibu na zeituni. Nikaisimamia mbele ya watu. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa upole: "Mwalimu, huko wanakotoka hizo zeituni, na wao masika yao inabomoa madaraja?" Sikuwa na jibu. Nilikunja ramani yangu, nikaomba wiki moja.

Lakini hata ukigeuza nusu zako sawasawa, masika itakusumbua. Inakaa Machi, Aprili na Mei, yaani imekatwa katikati na kalenda ya Köppen: Machi inaangukia nusu ya joto, Aprili na Mei nusu ya ubaridi. Mpangilio wake haukufikiria mahali penye masika na vuli. Tuone kwa namba. Hizi nimezitunga kwa ajili ya zoezi, si za kituo chochote, ila zina sura ya mteremko wa kusini, mwinuko wa mita 1,300. Mvua kwa milimita, Januari hadi Desemba:

60, 75, 180, 420, 260, 60, 40, 25, 25, 50, 120, 95.

Jumla ni 1,410. Joto la mwaka tuseme 20.5, mwezi wa baridi 17.6, mwezi wa joto 22.9. Oktoba hadi Machi ina milimita 580, Aprili hadi Septemba 830. Hakuna upande uliofika asilimia 70, kwa hiyo kizingiti cha ukame ni 20 mara 20.5 kujumlisha 140, sawa na 550. Tumekipita mbali. Mwezi wa baridi uko chini ya 18, basi C. Mwezi mkavu wa nusu ya joto ni Oktoba, 50. Haiko chini ya 40, basi si s. Mwezi mkavu wa nusu ya ubaridi una 25, na sehemu ya kumi ya Machi ni 18. 25 haiko chini ya 18, basi si w. Inabaki f. Mwezi wa joto umepita 22, basi a. Jibu: Cfa, nusutropiki yenye unyevu, herufi zilezile za Durban.

Sasa punguza mvua ya Oktoba kutoka 50 iwe 38. Milimita 12, mvua ya jioni moja tu. Oktoba imekwenda chini ya 40, na tayari iko chini ya theluthi ya Aprili, yaani 140. Papo hapo tumehamia Csa. Zeituni zimerudi. Na ukiacha Oktoba kama ilivyo lakini ukasahau kugeuza nusu za mwaka, Agosti inageuka mwezi wa joto wenye milimita 25, na Csa inarudi kwa mlango mwingine. Ndiyo iliyonipata.

Ushauri wangu: herufi ya pili, ile ya mvua, usiichoree mstari mzito katika eneo hili. Ichore kwa nukta, au iache kwenye jedwali. Mstari wa maana ni wa joto.

Hatua ya 3: Tafuta data

Kwa kuanzia tumia WorldClim toleo la 2.1: wastani wa miaka 1970 hadi 2000, joto la kila mwezi na mvua ya kila mwezi, kwenye pikseli za karibu kilomita moja. Mafaili ni mazito, pakua usiku na uombe umeme usikatike. Angalizo: toleo la zamani, 1.4, liliandika joto likiwa limezidishwa kwa 10, hivyo nyuzi 20.3 inaonekana 203. Ukichanganya matoleo utapata Moshi inayochemka.

Pakua pia mwinuko wa SRTM, ule uliopimwa na chombo cha anga mwezi Februari mwaka 2000, pikseli za mita 30. Kwa mvua wengine watakuelekeza CHIRPS, inayoanzia mwaka 1981. Ni nzuri kwa wilaya nzima, ila pikseli yake ni zaidi ya kilomita 5, na kwenye mteremko wetu kilomita 5 ni kutoka migomba hadi karibu na msitu.

Muhimu kuliko vyote ni kituo halisi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ndiyo yenye rekodi ndefu. Andika barua, sema ni kwa kazi gani, omba wastani wa kila mwezi na si wa kila siku. Uliza ni wa miaka ipi. Wastani wa kimataifa wa sasa ni wa 1991 hadi 2020. Usichanganye kituo cha kipindi hiki na WorldClim ya 1970 hadi 2000 bila kusema, maana joto limepanda katikati hapo.

Hatua ya 4: Kata na panga

Kata kila faili lifuate kisanduku kimoja: longitudo 36.4 hadi 37.8 mashariki, latitudo 2.8 hadi 3.6 kusini. Humo unapata Meru, Arusha, Moshi, na Kilimanjaro yenyewe. Kisha hamishia kila kitu kwenye mfumo mmoja wa vipimo vya ramani, UTM kanda ya 37 Kusini, WGS 84, msimbo 32737.

Kama utaweka chini yake ramani ya karatasi ya 1:50,000 iliyoskaniwa, kumbuka hizo za zamani zimechorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960. Ukiziita WGS 84 zitahama kwa karibu mita 300. Dalili yake ni mto kuonekana unatiririka pembeni ya bonde lake. Nimeona Karanga ikipanda ukingo kwa namna hiyo, na aliyechora hakushtuka.

Hatua ya 5: Shusha joto hadi kwenye mteremko

Pikseli ya kilomita moja mahali ambapo barabara inapanda mita 50 hadi 100 kila kilomita inaficha nyuzi 0.3 hadi 0.6 ndani yake. Kwa ukanda mwembamba kama wetu hiyo ni nyingi. Kwa hiyo tunatumia SRTM kurekebisha: joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda.

Tuchukue tena namba za zoezi. Kituo kiko mita 850, mwezi wa baridi ni Julai, nyuzi 20.3, na mwezi wa joto ni Februari, nyuzi 25.6. Ili Julai ifike 18 lazima ishuke nyuzi 2.3; gawanya kwa 0.6, unapata mita 383. Mpaka wa chini uko mita 1,233. Ili Februari ifike 22 lazima ishuke nyuzi 3.6, sawa na mita 600; mpaka wa juu uko mita 1,450. Utepe wetu una kimo cha mita 217, basi. Juu yake ni Cfb, ambako mwezi wa joto haufiki 22, na jamaa zake, chini yake ni tropiki.

Jaribu sasa 0.5 badala ya 0.6. Mpaka wa chini unapanda hadi 1,310 na wa juu hadi 1,570. Tofauti ya desimali moja imehamisha vijiji. Ndiyo sababu sipendi kuona mtu akiandika "tulitumia kiwango cha kawaida cha kupungua kwa joto" halafu anaendelea na safari. Kiwango cha kawaida cha wapi? Mwezi wa saba kusi inaleta mawingu mazito yanayolalia mteremko wa kusini hadi saa sita mchana. Mjini huenda jua limetoka. Februari anga ni wazi juu na chini. Miezi hiyo miwili haina sababu ya kuwa na namba moja. Kama una vituo viwili au zaidi kwenye miinuko tofauti, kokotoa namba ya Julai peke yake na ya Februari peke yake.

Kwenye kikokotoo cha rasta (yaani ramani ya pikseli) fanya hivi kwa kila mwezi: joto la WorldClim, toa 0.6 (au namba yako) mara tofauti kati ya mwinuko wa SRTM na mwinuko wa pikseli ya WorldClim, ugawe kwa 100. Mwinuko wa pikseli za WorldClim unapatikana palepale ulipopakua joto. Ukimaliza miezi 12, tumia kifaa cha takwimu za seli kupata rasta ya mwezi wa baridi kuliko yote, ya mwezi wa joto kuliko yote, na ya wastani wa mwaka.

Hatua ya 6: Chora mstari kutoka kwenye joto, si kutoka kwenye herufi

Wengi hugeuza ramani yote kuwa herufi, kisha hufuata kingo za rangi. Matokeo yake ni ngazi: mpaka unaopinda kwa pembe za mraba kama ukuta wa matofali. Badala yake, kwenye rasta ya mwezi wa baridi chora kontua (mstari unaopita penye namba ileile) moja tu, ya 18. Kwenye rasta ya mwezi wa joto chora kontua moja tu, ya 22. Mistari inatoka laini, ikiingia kwenye mabonde na kutoka kwenye vilima kama maji yanavyofuata mfongo, mfereji wa kumwagilia wa Wachaga.

Kisha chora kontua nyingine mbili hafifu kwa kila mstari: 17.5 na 18.5, halafu 21.5 na 22.5. Huo ndio ukanda wako wa mashaka. Kosa la nusu nyuzi, ambalo hata kituo kizuri kinaweza kuwa nalo, ni sawa na mita 83 za mwinuko, na kama barabara inapanda mita 50 kwa kilomita, ni kilomita 1 na theluthi mbili kila upande. Ukiangalia vizuri utaona mashaka ya mpaka wa chini na ya mpaka wa juu yanakaribia kugusana katikati ya utepe. Usifiche hilo.

Visiwa vidogo vya pikseli mbili tatu vitabaki huku na huko, kwenye vilima vya tambarare. Futa vyote vilivyo chini ya hekta 25 au ukubwa wowote utakaouchagua, ilimradi uuandike.

Hatua ya 7: Nenda

Kabla hujatoa GPS mfukoni, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji. Si suala la adabu tu. Uchaggani ardhi ni kihamba, shamba la ukoo, na kihamba ni makaburi ya babu zako. Mtu anayetembea na kifaa akiandika namba anaonekana amekuja kupima ardhi ya mtu. Mimi nilisimamishwa njiani na mzee mwenye mundu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hicho kidude kinapima nini? Barabara inapanuliwa?"

"Hapana babu. Natafuta baridi inapoanzia."

Akanitazama, akacheka mpaka akaegemea mgomba. "Baridi inaanzia pale darajani. Kamuulize bibi yako mbege yake inachukua siku ngapi kuchacha, halafu kamuulize dada yake aliyeolewa kule chini."

Nilicheka naye, ila niliandika, kwa sababu ni kipimo. Mbege ni pombe ya ndizi, na uchachu hufuata joto. Kahawa nayo: kadiri unavyopanda, ndivyo inavyochelewa kuiva. Uliza kila baada ya mita 100 za mwinuko, mavuno yanaanza mwezi gani? Majibu ya watu kumi hayatakupa nyuzi, lakini yatakuambia kama mstari wako umekaa mahali pa ajabu.

Kipimo chenyewe fanya hivi. Usijaribu kupima tabianchi kwa wiki mbili, haiwezekani, pima tofauti. Weka kipimajoto kimoja karibu na kituo rasmi huko chini, na cha pili mahali mstari wako unapopita. Kabla ya hapo vikae pamoja siku tatu mahali pamoja ili ujue kama vinasema lugha moja. Viwe kivulini, mita 1.25 hadi 2 juu ya majani, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa. Kisanduku cha mbao za soko kinatosha. Cha kwanza kabisa nilikitundika kwenye ukuta chini ya bati, na mchana kilisoma kama kiko Same.

Kila siku andika joto la juu na la chini, jumlisha, gawa kwa mbili. Baada ya siku 14 za Julai tuseme kile cha juu kimekuwa chini kwa wastani wa nyuzi 2.4. Chukua Julai ya miaka 30 ya kituo, 20.3, toa 2.4, unapata 17.9. Uko juu ya mstari, kwa upana wa unywele. Rudia Februari kwa mpaka wa juu. Epuka mabonde ya mito: Weruweru, Karanga na Rau hushusha hewa baridi usiku, na kipimajoto kilichowekwa kwenye kingo zake kitakuambia habari za bonde badala ya mteremko.

Mwinuko usiutoe kwenye simu. Simu inaweza kukosea kwa makumi ya mita, na makumi ya mita hapa ndiyo mjadala wote. Chukua mahali kwa GPS, kisha soma mwinuko wa hapo kwenye SRTM.

Ukifanya upande wa Arusha

Hatua ni zilezile, ila Meru ina kivuli cha mvua cha kuheshimu. Tengeru na Usa River, kusini-mashariki, ni za migomba na mito. Ukipita Kisongo kuelekea Monduli, au ukazunguka kaskazini hadi Oldonyo Sambu, mvua inapungua haraka, na huko mtihani wa ukame ndio unaokata ramani kabla joto halijaulizwa. Kwa hiyo utepe wa joto utauona umekatika, haufanyi duara. Usiuunganishe kwa mkono ili upendeze. Kwa Moshi hali kama hiyo iko kusini, kwenye tambarare za kuelekea Nyumba ya Mungu: kwa joto la nyuzi 23.2 kizingiti ni milimita 604, na kuna mahali pengi ambapo milimita hizo hazifiki.

Jiji la Arusha lenyewe, kwenye mita 1,400 hivi, liko karibu mno na mstari wa 22. Ramani moja italiweka a, nyingine b. Zote zinaweza kuwa sawa kwa vipindi vyao.

Hatua ya 8: Ufunguo

Andika kipindi cha miaka, chanzo cha joto, chanzo cha mvua, namba ya kupungua kwa joto, 40 au 30, na nusu za mwaka. Mistari sita midogo chini ya ramani inatosha. Kipindi usikisahau kabisa, kwa sababu kila nyuzi 0.6 za ongezeko la joto zinausukuma utepe mzima mita 100 kwenda mlimani, na atakayeitumia ramani yako baada ya miaka 20 lazima ajue mstari ulikuwa wapi ulipouchora.

Upana wa mstari nao uufikirie. Kwenye ramani ya 1:50,000 kalamu ya milimita moja ni mita 50 ardhini, wakati mashaka yetu ni kilomita zaidi ya moja kila upande. Mimi siku hizi sichori kalamu. Napaka rangi inayofifia kutoka 17.5 hadi 18.5. Yule mzee wa zeituni nilimpelekea nakala. Aliigeuza mara mbili, akatafuta kanisa, akatafuta daraja, akaweka kidole kwenye rangi iliyofifia, akasema kihamba chake kiko hapo.

"Sasa mimi niko juu au chini?"

Nikamwambia kwa kipimo changu yuko katikati. Akasema hilo alikuwa analijua, ila angependa ramani ionyeshe pia mfongo, maana umechorwa mahali pasipo.